Sura ya Saba: Wimbo Kizimbani

Mwaka 1956, katika misitu ya Wanyanga upande wa Walikale, mtambaji aliyeitwa Shé-Kárisi Candi Rureke alianza kuimba utendi wa shujaa Mwindo, na hakufika mwisho hadi siku ya kumi na mbili. Mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck alikuwa pale akiandika, akisaidiwa na kijana Mnyanga, Kahombo Mateene, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanaisimu mwenye jina. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa mwaka 1969 na hadi leo kinasomwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingi. Kinachokosekana kitabuni ni vishindo. Rureke hakukaa kitini akasimulia. Aliimba, akaigiza, akacheza, njuga zikimlia mwilini na kibuyu cha kutikisa kikiwa mkononi, na pembeni yake vijana walikuwa wakigonga mti mkavu uliolazwa juu ya vijiti ili uvume vizuri. Watu waliofurika kusikiliza walimdakia viitikio na kumtuza.

Watambaji wa aina yake walieleza kwamba kazi hiyo hawakuichagua wenyewe. Karisi, ambalo ni jina la utendi na pia la mzimu, ndiye aliyewataka wajifunze, na kuuimba utendi kuliwakinga na maradhi na kifo. Wimbo ulikuwa kinga, na aliyekingwa kwanza ni mwimbaji mwenyewe.

Leo, katika wilaya hiyo ya Walikale na jirani yake Masisi, jimboni Kivu Kaskazini, hukosi kusikia wimbo ukishtakiwa kwa kosa la kinyume kabisa. Binti ameanguka kwenye mazoezi ya kwaya, akakakamaa, akatoa povu. Kijana ameanguka usiku wa matanga, nyimbo zikiwa zimepamba moto. Mmoja atasema ni pepo aliyeitwa na ngoma, mwingine atasema wimbo wenyewe una nguvu asizoziweza. Hukumu hutolewa haraka: asiimbe tena, asikanyage tena mahali penye ngoma. Sura hii inayapima mashtaka hayo. Nisifiche kwamba kwa maoni yangu mshtakiwa huyu mara nyingi sana anaonewa. Lakini wapo watu, wachache mno duniani, ambao kwao mashtaka ni ya kweli tupu, na hao ndio waliotufundisha mengi kuhusu jinsi ubongo unavyoupokea muziki.

Tulifuate pigo moja tu la ule mti wa Rureke. Hewa inatikisika, kiwambo cha sikio kinatikisika, vijifupa vitatu, vilivyo vidogo kuliko mifupa yote mwilini, vinaupokeza mtikisiko hadi kwenye koklea, yaani mfereji mwembamba uliojiviringa na kujaa umajimaji. Ndani yake mna utando wenye seli zenye vinywele, 15,000 hivi katika kila sikio. Sauti nyembamba huziamsha seli za mwanzo wa utando, sauti nzito husafiri hadi mwisho wake. Kwa hiyo hata kabla ubongo haujaguswa, sikio limekwisha kuichambua sauti na kuipanga kwa kidatu chake. Seli hizo zikifa hazioti tena, habari ambayo wenye bafle za arusi hawapendi kuisikia.

Kutoka hapo ni umeme mtupu. Mshipa wa fahamu unaupeleka ujumbe kwenye shina la ubongo, mahali ambapo habari za masikio mawili hulinganishwa kwa tofauti ndogo kuliko elfu moja ya sekunde, na ndiyo maana unajua ngoma inalia upande gani wa mlima hata gizani. Ujumbe hupanda hadi kituo cha katikati ya ubongo kiitwacho thalamu, kisha hutua kwenye gamba la ubongo, upande wa panja, katika mkunjo unaoitwa kwa jina la daktari Heschl. Hapo mlio unakuwa mlio. Kuwa muziki bado.

Ili uwe muziki, sehemu nyingi lazima ziitane. Eneo la panja la kulia lina ustadi zaidi wa kufuatilia kupanda na kushuka kwa sauti, la kushoto lina ustadi wa mabadiliko ya haraka yanayojenga silabi. Mgawanyo huo si wa kukata kwa kisu, hasa kwa watu wa huku. Kinyanga na Kihunde ni lugha ambazo kidatu cha sauti hubeba maana ya neno, tofauti na Kiswahili. Mtunzi anayewaimbia watu wake kwa lugha kama hizo hana uhuru wa kupandisha sauti popote apendapo, maana akikosea neno linageuka. (Wamisionari waliotafsiri nyimbo za Ulaya bila kugusa tuni zake walizalisha mashairi ya ajabu sana katika lugha nyingi za Kibantu.) Masikioni mwa msikilizaji wa Rureke, wimbo na maneno vilikuwa vimesukwa pamoja tangu mwanzo.

Mdundo nao una njia yake. Mtu aliyekaa tuli, asiyetikisa hata kidole, akisikia mdundo ulio sawa, sehemu za ubongo zinazoongoza viungo huanza kufanya kazi: ubongo wa nyuma, vifundo vya ndani kabisa vinavyosimamia mwendo, na eneo la juu linaloandaa tendo kabla halijatendwa. Kusikia mdundo ni kucheza kwa siri. Ndiyo maana baadhi ya wazee wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao miguu yao hugoma kuanza hatua, huweza kutembea vizuri wakipigiwa mdundo. Nayo si mazoea tunayojifunza ukubwani. Mwaka 2009 watafiti wa Hungaria na Uholanzi waliwasikilizisha mdundo watoto wachanga wa siku mbili tatu, wakiwa wamelala, huku umeme wa ubongo wao ukipimwa. Pigo lililotarajiwa lilipoachwa makusudi, ubongo wa kichanga ulishtuka. Mwindo wa utendi alizaliwa anatembea na kusema. Watoto wetu hawafiki huko, lakini wanazaliwa wakijua pigo limerukwa.

Kilichobaki ni hisia na kumbukumbu, na hapa ndipo tunapoikaribia kesi yetu. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, wakiwemo Valorie Salimpoor na Robert Zatorre, walionyesha kwamba mtu anaposikiliza muziki unaomsisimua hadi vipele kumtoka, ubongo wake humwaga dopamini, kemikali ileile inayohusika na chakula na mapenzi. Cha kuvutia zaidi ni kwamba inamwagika mara mbili: kwanza katika sehemu moja wakati mtu anasubiri kile kipande anachokipenda, kisha katika sehemu nyingine kipande chenyewe kinapofika. Ubongo haupokei wimbo tu, unaubashiri. Unatembea mbele yake hatua mbili tatu, na hufurahi ukipatia, hufurahi zaidi ukidanganywa kidogo. Mtambaji anajua hilo bila maabara. Mwindo anapofungiwa na baba yake ndani ya ngoma na kutupwa majini, ngoma ile inaimba kutoka mtoni, na kila msikilizaji anayeijua hadithi ameanza kuusubiri wimbo huo mapema.

Kumbukumbu za sauti nazo zinahusika na lile eneo la panja. Daktari mpasuaji Wilder Penfield, huko huko Montreal, alikuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, maana ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Alipoligusa eneo la panja kwa umeme mdogo, baadhi yao walisema wanasikia muziki: wimbo fulani, ala fulani, kana kwamba redio imewashwa chumbani. Alipoondoa waya muziki ulikatika. Mkusanyo mkubwa wa visa hivyo aliuchapisha na mwenzake Phanor Perot mwaka 1963. Ikiwa ubongo ukiguswa kwa umeme unaweza kutoa wimbo, swali la kinyume linakuja lenyewe: je, wimbo unaweza kuuwasha umeme?

Kifafa ni hitilafu ya umeme huo. Kwa kawaida mabilioni ya seli za ubongo hufanya kazi kwa zamu na kwa kupishana, kila kundi na sehemu yake, kama kwaya yenye sauti zake nne. Katika shambulio la kifafa kundi zima huacha sehemu zake na kuanza kupiga noti moja kwa nguvu zote, tena bila kiongozi. Likibaki kwenye kona moja ya ubongo, mtu anaweza asianguke kabisa: atakodoa macho, atatafunatafuna mdomo mtupu, atashikashika nguo zake, atasikia hofu isiyo na sababu, na baada ya dakika moja au mbili atauliza kilichotokea. Likienea kote ndipo linapokuja lile linalojulikana na kila mtu, la kukakamaa na kutetemeka.

Mashambulio mengi huja bila mwaliko. Machache yana kichochezi maalumu, na kinachojulikana zaidi ni mwanga unaomweka. Desemba 1997, nchini Japani, kipindi kimoja cha katuni za Pokémon kilionyesha miale myekundu na ya buluu ikipishana kwa kasi, na watoto karibu 700 walipelekwa hospitalini. Huko mambo yalitokea kwa sekunde. Jicho likapokea, ubongo ukalipuka.

Muziki hauendi hivyo. Katika karne ya 19 Urusi ilikuwa na mhakiki wa muziki, Nikonov, aliyeanguka kwa mara ya kwanza akiwa kwenye opera ya Meyerbeer iitwayo Le Prophète. Baada ya hapo muziki karibu wa aina yoyote ulimwangusha, na mtu ambaye mkate wake ulikuwa kusikiliza akaishia kuandika kijitabu kuhusu hofu ya muziki. Mwaka 1937 daktari wa London, Macdonald Critchley, aliwaeleza wagonjwa 11 aliowaona mwenyewe na kuupa ugonjwa huo wa kuangushwa na muziki jina linalotumika mpaka sasa katika vitabu vya tiba. Mwaka 1962 madaktari wengine wa Uingereza wakaripoti mtu aliyeangushwa na kengele za kanisa peke yake, tena ndani ya masafa fulani ya sauti. Na miaka ya 2000 mwanamke kijana aliyetibiwa New York alianguka kila aliposikia wimbo Temperature wa Sean Paul. Ilimbidi aiache kwaya ya kanisa, mpaka madaktari walipokikata kipande cha ubongo kilichokuwa chanzo. Alirudi kuimba.

Visa hivi havifanani. Huyu huangushwa na wimbo mmoja, yule na ala moja, mwingine na muziki wa huzuni tu, mwingine na wimbo aliouimba moyoni bila sauti yoyote kusikika. Lakini katika wengi wao kuna jambo moja la kushangaza: shambulio huchelewa. Muziki huanza, dakika hupita, wakati mwingine kadhaa, mgonjwa anaanza kuingiwa na hisia fulani, moyo unakwenda mbio, hofu au huzuni inapanda, ndipo kifafa kinapokuja. Kama tatizo lingekuwa mlio wenyewe, lingetokea papo hapo kama ilivyokuwa kwa katuni. Kuchelewa huko, pamoja na wale wanaoangushwa na wimbo wa moyoni, kunaonyesha kwamba kinachowasha moto ni kile ambacho ubongo umekifanya na muziki: kumbukumbu iliyoamshwa, hisia iliyopanda. Vipimo vya umeme vinaafiki, maana chanzo mara nyingi ni eneo la panja, zaidi la kulia, karibu na amigdala, kifundo cha hofu na hisia kali.

Miaka ya karibuni umeongezeka ushahidi mwingine. Baadhi ya wagonjwa hawa wana kingamwili zinazoishambulia protini iitwayo GAD. Kazi ya GAD ni kutengeneza kemikali ya GABA, na kazi ya GABA ni kuzituliza seli za ubongo zisipayuke. Kinga ya mwili ikiwa imelenga vibaya, breki za ubongo zinalegea. Kwa nini zilegee kwa wimbo na si kwa harufu au kwa sura ya mtu, hilo linabishaniwa, ingawa ujirani wa njia za muziki na eneo la panja unaeleza sehemu kubwa.

Sasa tuhesabu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba mtu mmoja katika kila milioni 10 ana kifafa hiki cha kuchochewa na muziki. Hata tukisema makadirio hayo ni ya chini mno, na mimi nasema hivyo kwa sababu ni madaktari wachache wanaouliza swali hilo, bado jimbo zima la Kivu Kaskazini lingekuwa na watu wa kuhesabika kwa vidole. Hao wote wanaosemekana kuangushwa na nyimbo hawawezi kuwa wao.

Nani basi? Wengi ni wagonjwa wa kifafa cha kawaida ambao wimbo umewakuta, si umewaangusha. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 wenye kifafa duniani, karibu asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Sababu za wingi huo zinajulikana: watoto wanaokosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria inayopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, tegu wa nguruwe anayeingia ubongoni, majeraha ya kichwa. Upande wa Ituri watafiti wamekuta kifafa kingi katika vijiji vya kando ya mito vilivyo na usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaopofusha macho na unaotibiwa kwa ivermektini. Na kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa Mahenge, kusini mwa Tanganyika, baada ya kukuta wagonjwa waliokimbiwa na majirani kwa kuogopwa kwamba mate yao yanaambukiza. Wengine walikuwa na makovu ya moto, kwa kuwa walipoangukia jikoni hakuna aliyethubutu kuwagusa. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa mkojo. Hilo halijabadilika tangu wakati huo, na bado lafaa kurudiwa.

Tazama sasa mkesha wenyewe, uwe wa maombi au wa matanga. Mtu amefunga tangu asubuhi. Amepanda milima ya Masisi kwa miguu kufika. Usiku kucha hakulala. Anaimba kwa kuvuta pumzi nzito za haraka, saa baada ya saa. Vingi kati ya hivyo vinajulikana kuweza kuchochea shambulio kwa mwenye kifafa, na kukosa usingizi ndiko kunakoongoza. Madaktari wenyewe hutumia hila hizo: mgonjwa anayepimwa umeme wa ubongo huambiwa akeshe usiku uliotangulia, kisha apumue kwa nguvu dakika chache, ili hitilafu iliyojificha ijitokeze. Mkesha wa Masisi ni kipimo hicho bila mashine. Wimbo unaonekana kwa sababu unasikika, wakati usingizi uliokosekana hauna sauti.

Kisha kuna dawa iliyokatika, na hapa ndipo penye uzito wote. Fenobarbitali, ambayo wengi huku huiita Gardenal, imetumika kwa kifafa tangu 1912. Ni ya bei ndogo kuliko zote, na Shirika la Afya Duniani linasema kumtibu mgonjwa kunaweza kugharimu dola 5 tu kwa mwaka, na kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wakitibiwa vizuri wanaweza kuishi bila mashambulio. Lakini ni dawa yenye kisasi. Mtu aliyeizoea akiikatiza ghafla, ubongo huasi, na mashambulio huweza kuja kwa kufuatana bila mgonjwa kuzinduka katikati. Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Masisi centre, mwezi huohuo wakaingia Goma, na Machi wakafika Walikale centre. Hiyo ni miezi michache tu ya vita ambayo watu wa huku wameijua kwa miaka zaidi ya thelathini. Familia inayokimbia usiku hubeba watoto, sufuria, godoro likiwezekana. Pakiti ya vidonge vya Gardenal hubaki juu ya dirisha. Hospitali kuu ya rufaa ya Masisi, ambayo imesaidiwa kwa miaka mingi na Madaktari Wasio na Mipaka, huenda iko upande wa pili wa mstari wa mapigano, na kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu kiko Goma. Siku chache baadaye, kambini, Jumapili, watu wanaimba kumshukuru Mungu kwa kufika salama, na mgonjwa anaanguka katikati ya wimbo. Atakayelaumiwa ni wimbo.

Wanabaki wale ambao hawana kifafa kabisa. Wapo wanaopandisha pepo, na wapo ambao mwili unaanguka kwa uzito wa walichokiona vitani, bila umeme wa ubongo kuharibika. Wataalamu wamewahi kuwachanganya wote. Mwaka 1961 na 1962 Mmarekani Andrew Neher alidai kwamba ngoma zikipigwa kwa kasi fulani huliburuza wimbi la ubongo na kumtia mtu katika hali inayokaribia kifafa. Hoja ilipendwa kwa sababu ilionekana ya kisayansi, na pia, nadhani, kwa sababu ilimfanya Mwafrika aonekane mtu anayeendeshwa na ngoma asivyotaka. Mfaransa Gilbert Rouget, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu muziki na kupagawa, aliibomoa kwa kejeli: kwa jinsi ngoma zinavyopigwa barani, mbona basi watu hawashindi wamepagawa? Mpiga ngoma mwenyewe, aliye karibu na mlio kuliko wote, ndiye asiyepandisha. Anayepandisha ni yule anayetarajiwa, katika wakati unaotarajiwa, kwa wimbo wa mzimu wake. Mila inafanya kazi hapo, pamoja na ule ubongo unaobashiri.

Tofauti hizi zinaonekana kwa macho. Aliyepandisha huufuata mdundo, na ngoma ikinyamaza au ikibadilishwa naye hubadilika. Mara nyingi hujihami asiumie, macho yake yakiwa yamefumba. Kifafa hakina habari na mpiga ngoma. Kinaanza, kinatikisa kwa mdundo wake chenyewe ambao hupungua kasi kuelekea mwisho, kinaisha kwa dakika moja mpaka tatu, macho mara nyingi yakiwa wazi, ulimi pengine umeumwa pembeni, nguo zimelowa, na anayezinduka hajui alipo. Alama moja peke yake haitoshi kuhukumu. Simu ndiyo shahidi bora: mtu mmoja arekodi video ya shambulio, sauti pamoja, huku wengine wanamhudumia. Daktari asiye na mashine hata moja anaweza kujifunza mengi zaidi kwa video ya dakika mbili kuliko kwa maelezo ya watu kumi waliotishika.

Na je, ile imani ya Rureke kwamba wimbo hukinga? Mwaka 1998 John Hughes na wenzake, Marekani, waliwasikilizisha wagonjwa wa kifafa sonata ya Mozart ya piano mbili, K. 448, na katika wagonjwa 23 kati ya 29 cheche za kifafa kwenye vipimo zilipungua, hata kwa waliokuwa wamepoteza fahamu. Tafiti zilizofuata zimetoa majibu mchanganyiko, nyingine zikiunga mkono, nyingine zikilalamikia idadi ndogo ya wagonjwa. Sioni sababu ya kuamini kwamba Mozart ana siri ambayo mti wa Wanyanga hauna. Ninachokiona ni kwamba kuna ushahidi wa kupimika, hata kama ni mwembamba, wa muziki kuutuliza ubongo wenye kifafa, na kwa upande wa pili kuna ugonjwa wa mtu mmoja katika milioni 10. Anayemtoa mgonjwa kwenye kwaya kwa jina la usalama amechagua upande usio na ushahidi.

Atakayetaka kujua kama wimbo kweli ndio wenye kosa ana maswali ya kuuliza. Ameanguka mara ngapi kimya kimya, shambani au usingizini? Kama zipo, na nyingi, wimbo hauhusiki. Je, ni wimbo uleule, au aina ileile, kila mara? Ulipita muda gani kati ya kuanza kwa wimbo na kuanza kwa shambulio? Alipatwa na hofu au huzuni kabla? Akiusikia wimbo huo mchana, amelala vizuri, amekunywa dawa zake, huanguka pia? Mtu ambaye majibu yake yote yanaelekea kwenye wimbo apelekwe kwa mtaalamu, maana anaweza kuhitaji vipimo ambavyo havipo Walikale.

Wengine wote wanahitaji mambo ya kawaida. Anayeanguka alazwe ubavu, kichwa kiwekewe kitambaa, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, asishikiliwe kwa nguvu, na saa iangaliwe: zikipita dakika 5 bila kuisha, atafutiwe usafiri, hata wa pikipiki watu wawili wakimshika. Kiongozi wa kwaya mwenye mwimbaji wa aina hii ajue dawa yake ni saa ngapi. Kukiwa na mkesha, mwimbaji huyo alale mchana, ale kabla ya kuanza, anywe kidonge chake kwa wakati, asipangiwe zamu ya alfajiri, na asipewe kazi ya kuchochea moto wa chai.